Wodehouse: kwa nini bado anachekesha miaka yote hii?

Mtoto wa Ilala

Wakuu habari za jioni, nina swali limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa nikaona niliweke hapa maana humu kuna watu wanasoma kwelikweli.

Nilikuwa nasubiri daladala, foleni haisogei, pembeni kuna jamaa kapanga vitabu vya mtumba chini juu ya turubai, nikaokota kimoja jalada limechanika na kurasa zimeshakuwa rangi ya chai. The Code of the Woosters, P. G. Wodehouse, Mwingereza, kitabu cha mwaka 1938. Nikaanza kusoma nimesimama, nikapanda gari naendelea, nikapitishwa kituo, nikashuka huko mbele nikarudi kwa miguu bado nasoma kwa mwanga wa maduka.

Sasa stori yenyewe ni hii: kuna kijana wa kitajiri London anaitwa Bertie Wooster, hana kazi hana mke, shangazi yake Dahlia anamtuma aende duka la vitu vya kale akakiponde kijagi cha fedha cha maziwa chenye umbo la ng'ombe, yaani akunje uso aseme hiki mbona cha juzi tu, ili mwenye duka aingiwe na wasiwasi ashushe bei na mume wa shangazi akinunue kwa nafuu. Basi. Hiyo ndo mbegu. Kutoka hapo kijagi kinagombewa, daftari lenye maneno ya kuwasema watu linapotea, kofia ya askari inaibwa, uchumba unavunjika unaungwa unavunjika tena, na mtumishi wake Jeeves ndo anayetafuta mlango wa kutokea kila mambo yakikwama.

Swali langu, kwa nini? Hakuna anayekufa, hakuna funzo, watu wenyewe hawafanani na sisi kwa lolote, mwandishi kazaliwa 1881. Nilimsimulia mke wangu stori nzima mwanzo mwisho akaniangalia akasema "halafu?" Lakini nilipomsomea ukurasa mmoja natafsiri nusunusu hapohapo, alicheka mpaka akaweka kisu cha vitunguu chini. Kwa hiyo kuna kitu kiko kwenye maneno yenyewe ambacho ukisimulia kinabaki nyuma. Anayekijua anieleze tafadhali, na pia niambieni nisome kipi baada ya hiki.

Kalamu Nyekundu

Mkuu jibu umeshalitoa mwenyewe hapo jikoni kwa mkeo. Wodehouse ukimsimulia unabaki na mifupa. Mimi kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, nimemsoma huyu mzee miaka mingi na kila nikimrudia naangalia mikono yake tu inafanyaje.

Kwanza ujue ile hali ya kuteleza bila kukwaruza haikuja bure. Kabla hajaandika riwaya alikuwa anajaza kurasa kama 400 za maandalizi tu, nani aingie mlango gani, nani ajue siri gani na lini. Halafu kurasa akishazipiga taipu anazibandika ukutani kuzunguka chumba, ukurasa unaomridhisha unapanda juu, ule ambao bado unakaa chini, na anauinua kadiri anavyoutengeneza mpaka zote zifike juu. Mtu kaandika vitabu zaidi ya 90 kwa mtindo huo! Watu wanasema aliandika vitu vyepesi, sawa, lakini chapati laini ni ile iliyokandwa sana.

Pili, miaka ya 1910 na 1920 alikuwa anaandika michezo ya muziki ya jukwaani New York pamoja na Guy Bolton na mtunzi Jerome Kern, na huko ndiko alikojifunza kwamba kila mhusika anayeingia lazima awe na jambo lake la kufanya, humpandishi mtu jukwaani aje kusimama. Mwenyewe alisema riwaya zake ni kama michezo ya muziki iliyotolewa muziki. Ukilijua hilo utaona mbona kila mlango ukifunguliwa kuna mtu sahihi wakati usio sahihi.

Tatu, na kwangu mimi hili ndo kubwa, ni sauti ya Bertie. Bertie ndiye anayesimulia, na Bertie kichwani hana vitu vingi, lakini ndani ya kichwa hicho kuna masalia ya shule, vipande vya Shakespeare, vipande vya Biblia (aliwahi kushinda zawadi ya maarifa ya Biblia akiwa mdogo na hakuachi usahau), misemo ya klabu, lugha ya mbio za farasi, na vyote anavichanganya kwenye sentensi moja. Sentensi inaanza kwa heshima kama hotuba ya askofu, inafika katikati inateleza, inaishia kijiweni. Ile ajali ndani ya sentensi ndiyo inayokuchekesha, wala si kijagi.

Baada ya hicho soma Right Ho, Jeeves ya 1934. Kuna sehemu pale Gussie Fink-Nottle, kijana mwenye haya ambaye maisha yake yote ni kufuga mijusi ya majini na kinywaji chake ni juisi ya machungwa, anatakiwa agawe zawadi kwenye shule moja ya wavulana kijijini. Ana hofu. Bertie kwa nia njema anatia jini kwenye ile juisi, Jeeves naye kwa nia njema hiyohiyo bila kuambiana anatia ya kwake, na Gussie mwenyewe kwa kujipa moyo alishakunywa wiski. Kila mmoja kaweka kwa upendo! Halafu ndo anapanda jukwaani mbele ya wazazi na mwalimu mkuu. Anamshuku mtoto aliyeshinda zawadi ya Biblia kwamba kaibia majibu, anaanza kumhoji palepale mbele za watu, kisha anamwona Bertie amejificha nyuma ukumbini anamtaja kwa jina kwamba na huyu naye enzi za shule aliibia. Isome ukiwa peke yako maana ukiwa kwenye gari watu watakushangaa.

BintiKisauni

Nimeingia kusoma tu lakini hii mada imenigusa, wacha na mimi niseme langu.

Ndugu yangu wa Ilala umetaja shangazi ukapita haraka, na hapo ndipo utamu ulipo. Kiingereza kinawatia kapu moja shangazi, mama mkubwa, mama mdogo na mke wa mjomba, wote jina moja. Sisi tunatenganisha. Sasa ukifuatilia, Dahlia na Agatha wote wawili ni dada za marehemu baba yake Bertie, kwa hiyo ni mashangazi hasa, wa damu, wa upande wa baba. Na kwetu Pwani shangazi ni mtu mzito mno, shangazi ndiye anayeulizwa mambo ya posa, shangazi akisema huyu mchumba hatufai basi hatufai. Agatha kutwa kumtafutia Bertie mke wa kumnyoosha, mtu mzima anapigiwa simu na shangazi anatetemeka, mimi niliposoma sikuona Uingereza, niliona baraza la kwetu.

Na tena Wodehouse mwenyewe alilelewa na hao. Baba yake alikuwa hakimu Hong Kong enzi za ukoloni, watoto wakaachwa Uingereza wakawa wanapelekwa huku na kule kwa jamaa, wengi wao dada za mama yake, yaani kwa hesabu yetu mama wakubwa na mama wadogo. Inasemwa Agatha kamtoa kwa mmoja wao, Mary Deane. Mtoto wazazi wake hawaoni miaka na miaka, akikua angeweza kuandika kitabu cha uchungu. Yeye akageuza ile hofu ikawa kicheko, na hata Agatha humchukii ukimaliza.

Sasa la kwangu. Baba yangu alikuwa karani bandarini, Kiingereza chake kizuri alikipata kwenye vitabu vya kuazima. Alipopata kiharusi upande wa kulia ulilala na maneno yakawa hayaji, anataka kusema maji anasema mlango, na kilichomuumiza zaidi ni kuona sisi tunalia. Nikawa namsomea jioni baada ya magharibi. Nilijaribu gazeti, akageukia ukutani. Nikachukua hadithi ya Wodehouse ya mwaka 1927 ya Lord Emsworth na nguruwe wake Empress of Blandings. Mzee wa watu ana kasri, ana ardhi, ana jamaa wanaomsumbua, lakini duniani ana pendo moja, nguruwe jike mnene anayetarajiwa kushinda medali ya fedha kwenye maonyesho ya kilimo Shropshire. Mchungaji wake akafungwa siku 14 kwa ulevi, nguruwe akaacha kula. Haumwi, daktari wa mifugo haoni kitu, amesusa tu. Inavyokuja kugundulika, kuna mwito aliozoea kuitiwa chakula, na asipousikia hali. Kuna kijana aliyefanya kazi shambani Nebraska, Marekani, ambaye anaujua mwito mkuu ambao nguruwe yeyote atauitika, anamfundisha mzee. Na yule lodi anausahau njiani! Anatembea anajaribu kuukumbuka, kaushika mwanzo kapoteza mwisho.

Mimi ni Muislamu, nguruwe simli wala simfugi, lakini wallahi nilijikuta namwombea yule mnyama apate hamu. Na pale walipokusanyika kwenye banda wakapaza sauti wakangoja, kimya, halafu ikasikika sauti ya kutafuna, baba alicheka. Kicheko cha upande mmoja wa uso, cha kwanza tangu alazwe. Akanishika mkono na ule wa kushoto akaonyesha kitabu, nirudie. Nilirudia mara tatu usiku ule.

Mtu kama huyo ukimuuliza kitabu kina funzo gani atakushangaa.

Mzee wa Kazi

Pole kwa mzee Binti, na Mungu amrehemu kama ametangulia.

Ila wakuu mimi sikubaliani na nyote na nitasema wazi. Nilimsoma chuoni viwili vitatu nikaacha. Angalia mwaka. 1936 wanaume wapatao 200 walitembea kwa miguu kutoka Jarrow kaskazini mwa Uingereza hadi London kudai kazi maana mji wao umekufa njaa. Huku kwetu Tanganyika na Kenya mababu zetu wanalipishwa kodi ya kichwa. Na wakati huohuo huyu bwana anaandika vijana wanaoamka saa nne asubuhi wakaletewa chai kitandani, na shida yao kubwa ni kofia ya askari. Mimi nikicheka najisikia kama nimemsahau mtu fulani.

Na lingine hamjalitaja, wakati wa vita alizungumza kwenye redio ya Wajerumani kutoka Berlin. Hilo nalo tunalisamehe kwa sababu anajua kupanga sentensi?

Kalamu Nyekundu

Mzee nashukuru umelileta maana likifichwa linakuwa kubwa kuliko lilivyo. Nieleze kwa urefu kidogo mnivumilie.

Wodehouse alikuwa anaishi Le Touquet, Ufaransa ya kaskazini. Mei 1940 Wajerumani wakafika, wanaume Waingereza wakakamatwa, naye akiwa na miaka 58 akapitishwa gereza la Loos, kisha Liège, kisha ngome ya Huy, mwishowe kambi ya Tost huko Silesia ya Juu ambayo ilikuwa hospitali ya vichaa. Ndani ya kambi hiyo aliandika riwaya nzima, Money in the Bank. Juni 1941 akaachiwa, na kabla hajatua mizigo akakubali kurekodi mazungumzo matano kwa ajili ya wasikilizaji wake Marekani ambayo wakati ule ilikuwa haijaingia vitani, akieleza maisha ya kambini kwa mzaha. Ndani hakusifu Hitler wala chama chake. Lakini alitumia kipaza sauti chao, na London ilikuwa imetoka kupigwa mabomu usiku kwa usiku. Watu waliumia na walikuwa na haki ya kuumia. BBC ilitangaza shambulio kali dhidi yake kwa shinikizo la waziri Duff Cooper, maktaba nyingine zikaondoa vitabu vyake.

Afisa wa usalama anaitwa Cussen alimhoji mwaka 1944 Paris akaandika kwamba mtu huyu alikosa busara, hakuna kesi ya usaliti. Ripoti ikafungiwa, haikutolewa hadharani mpaka 1980, mwenyewe kashafariki miaka mitano. Mwandishi George Orwell, ambaye hakuna atakayesema alikuwa mpole kwa mafashisti, aliandika 1945 kumtetea, hoja yake kwamba akili ya Wodehouse ilibaki kwenye ulimwengu wa kabla ya vita ya kwanza na hakuelewa zama alizomo. Mimi nadhani ni kweli, na nadhani pia ni kosa, mtu mzima wa miaka karibu 60 alitakiwa ajue. Mwenyewe alikiri alikosea. 1947 akahamia Marekani, hakurudi Uingereza tena maisha yake yote.

Ila hili la kutokuona mafashisti si sahihi kabisa. Hichohicho kitabu cha mwenye uzi, cha 1938, kuna Roderick Spode, jitu zima lenye kikundi cha kisiasa. Enzi zile Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, alikuwa na wafuasi wake wa mashati meusi wanaandamana London. Spode alichelewa, mashati yameisha, wafuasi wake wanavaa kaptura nyeusi. Na siri inayommaliza ni kwamba huku nyuma anabuni na kuuza nguo za ndani za wanawake, Bertie akilitamka tu jina la lile duka, Eulalie, dikteta analegea anakuwa kama kondoo. Kaandika hilo mwaka mmoja kabla ya vita.

Mzee wa Kazi

Hilo la Spode nilikuwa sijalifikia, nilishaacha. Nimekuelewa kwenye redio. Kwenye wale waliotembea kutoka Jarrow bado nipo palepale nilipo, lakini nitakitafuta hicho cha 1938 nisome mpaka mwisho ndo niongee tena.

Mtoto wa Ilala

Aisee ahsanteni sana, sikutegemea majibu ya uzito huu. Dada BintiKisauni nimesoma ya mzee mara mbili.

Mzee wa Kazi nakuheshimu na hoja yako inanifikirisha, nikaongeze kitu kidogo nilichokiona. Kwenye hizi stori mwenye akili ni mtumishi. Matajiri wote pale ni wa kuonewa huruma, wanapotea kwenye nyumba zao wenyewe, na kila mmoja mwishowe anabisha hodi kwa Jeeves. Sisi tumekulia kwenye Abunuwasi, mtu wa chini anayemzunguka sultani kwa akili, kwa hiyo mimi sikumshangaa Jeeves hata kidogo, nilimtambua. Tofauti ni kwamba Abunuwasi anamshinda sultani na watu wanajua, Jeeves anashinda kimyakimya, malipo yake mara nyingi ni Bertie akubali kuiacha ile koti au soksi ambayo Jeeves haipendi.

Kingine, jina Jeeves alilitoa kwa mchezaji wa kriketi wa kweli wa Warwickshire, Percy Jeeves, aliyemwona uwanjani 1913. Yule kijana aliuawa kwenye vita ya kwanza ya dunia, huko Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Nilipolijua hilo nilikaa kimya kidogo.

Sasa swali la nyongeza, inawezekana kumleta kwa Kiswahili? Maana ule ukurasa niliomsomea wife kuna sehemu zilikubali na sehemu ziligoma kabisa.

Bi Mkubwa wa Tafsiri

Swali hilo nalijibu mimi, natafsiri kwa ajira, hati za mahakama na miongozo ya dawa, na Wodehouse najaribu kwa mapenzi yangu usiku watu wakilala.

Inawezekana na sehemu nyingine Kiswahili kinamfaa kuliko mnavyodhani. Ukijaribu neno kwa neno umekwisha. Lazima uanze na ngazi za lugha. Jeeves umpe Kiswahili cha mtu aliyelelewa, kirefu, kisichokatwa hata silabi, kile cha "nimeliona hilo, bwana" na "ningependekeza tungoje kidogo". Bertie umpe lugha ya mtoto wa kishua aliyekaa sana kijiweni, "oya", "imekula kwetu", halafu katikati ghafla anachomoa kipande cha methali alichokariri darasa la nne. Wakikaa chumba kimoja hao wawili wakaanza kuongea tayari pana kichekesho na hata stori haijaanza.

Kilichonisumbua miezi ni Shakespeare. Bertie kila mara anaanza nukuu anaikosea au anaiishia njiani, Jeeves anaimalizia. Msomaji wa Kiingereza anazijua zile nukuu tangu shule. Sisi tunaye Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, kwa hiyo nukuu za tamthilia hizo mbili unaweza kutumia maneno yake na msomaji wa Kitanzania akayashika. Zingine zote nilikwama, mpaka siku moja nikamsikia mwanangu anabishana na dadake jikoni, methali kaisahau katikati. Nikaacha vyombo nikakimbilia daftari. Nikaandika hivi, ni yangu mimi si ya kitabuni:

"Kuna ile kitu Jeeves, haba na haba hujaza... hujaza nini vile? Ndoo?"

"Kibaba, bwana."

"Kibaba! Una uhakika si ndoo?"

"Wahenga walikuwa na msimamo kuhusu jambo hilo, bwana."

Hapo ndo nilijua njia ipo. Methali kwetu zinafanya kazi ileile ambayo Shakespeare anaifanya kwao, kila mtu anazo nusu kichwani.

Kinachogoma bado ni mifano yake ya kufananisha, anamfananisha mtu na kitu ambacho hukukitegemea halafu anaongeza neno moja la mwisho linalopindua yote, na neno la mwisho kwa Kiingereza haliwi la mwisho kwa Kiswahili, sarufi inalivuta mbele. Kuna sentensi moja ninayo tangu mwaka jana, nimeiandika namna 11. Sijairidhia hata moja.

BintiKisauni

Dada hiyo ya kibaba nimemsomea mama hapa, kacheka kasema kijana huyo kama mjomba wangu. Ule mwito wa nguruwe umeufanyaje? Au bado hujaufikia?

Bi Mkubwa wa Tafsiri

Nimeufikia. Huo sikuutafsiri, niliuacha kama ulivyo, nikaurefusha tu irabu ili msomaji akiusoma kwa sauti lazima afungue mdomo wote. Nilijaribu mwenyewe sebuleni, mbwa wa jirani akaja mlangoni.